Kusokota Uzi wa Sufu Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi nyanda za juu, upande wa Mau, ambako mwezi wa Julai hutoki nje asubuhi bila sweta. Kondoo wa sufu wapo hapa tangu wakati wa walowezi, lakini nyumba nyingi zenye kondoo hao bado zinanunua uzi wa akriliki dukani, na sufu yao wenyewe inaozea nyuma ya zizi. Jambo hilo huniuma. Kwa miaka kadhaa nimewafundisha majirani, na wageni wanaokuja kuuliza, na maswali yao karibu ni yale yale. Haya hapa, pamoja na majibu ninayoyatoa nikiwa nimekaa kwenye gurudumu la kusokotea.

Gurudumu linafanya kazi gani hasa?

Kazi mbili tu: linatia msokoto, na linaviringisha uzi ulio tayari kwenye bobini, yaani kigurudumu kidogo kinachoubeba uzi. Unene wa uzi, ulaini wake na usawa wake vinatoka kwenye vidole vyako, na kabla ya hapo kwenye jinsi ulivyoiandaa sufu. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hunijia wakililalamikia gurudumu, nami nikitazama kikapu chao naona sufu iliyojaa vifundo na mabua. Gurudumu halina kosa hapo.

Kusokota kwenyewe si jambo geni kwetu. Mama wa Ukambani anayeviringisha katani pajani apate uzi wa kiondo anafanya kazi hii hii. Pwani ya mashariki ya Unguja wanawake hufukia makumbi ya nazi ufukweni kwa miezi, huyafukua, huyaponda, kisha husokota usumba kwa viganja mpaka uwe kamba. Nywele fupi zikilala tu pamoja hazina nguvu, ukizivuta zinaachana. Zikisokotwa zinabanana, na kadiri unavyovuta ndivyo zinavyozidi kubanana. Sufu imejaliwa zaidi ya katani na makumbi: kila unywele wake una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, tena una mawimbi, kwa hiyo nywele hushikana hata kabla msokoto haujaingia sawasawa.

Lazima niwe na gurudumu, au pia ya mkono inatosha?

Pia ya mkono inatosha kwa kuanzia, na mimi huwashauri wote waanze nayo walau wiki mbili. Ni kijiti cha sentimita 30 hivi kilichopitishwa katikati ya kisahani cha mbao, uzito wote gramu 40 hadi 60, na ndoano ndogo juu. Unaizungusha kwa vidole kama mtoto anavyozungusha pia ya mchezo, unaiachia ining'inie, na uzi unajisokota huku uzito ukiuvuta. Inapoanguka chini imekuonyesha palepale mahali sufu ilipokuwa nyembamba mno. Gurudumu halikuonyeshi kosa waziwazi namna hiyo.

Chombo hiki ni cha kale kwenye pwani yetu. Waliochimbua magofu ya Kilwa waliokota visahani vya pia vilivyochongwa kutoka kwenye vigae vya vyungu na kutobolewa katikati. Watu wale walisokota pamba. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zilizofumwa mji ule zilipelekwa mpaka Misri, na uzi wote huo ulitoka mikononi mwa watu, hatua kwa hatua.

Gurudumu nitalipata wapi?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza kutoka nje. Kampuni ya Ashford ya New Zealand, iliyoanza mwaka 1934, ndiyo inayojulikana zaidi, na vipuri vyake bado vinapatikana. Shida ni usafiri na ushuru. Mzigo ukifika mkononi bei imeshapanda sana. Ukisikia mtu anahama na anauza la kwake, nenda ukalione siku hiyo hiyo.

Ya pili ni fundi. Seremala mzuri akishirikiana na fundi wa baiskeli wanaweza kukutengenezea gurudumu linalofanya kazi miaka mingi. Rimu ya baiskeli ni nyepesi, imenyooka, ina beringi tayari, na ule mfereji wa tairi unashika mkanda vizuri kabisa. Jambo la kumweleza fundi ni uwiano. Rimu ya inchi 26 ina kipenyo cha sentimita 56 hivi. Ukiweka puli ya sentimita 7 kwenye upande wa bobini, gawanya 56 kwa 7, unapata 8: kila rimu inapozunguka mara moja, uzi unapata misokoto 8. Huo ni mwendo mzuri kwa anayejifunza. Mafundi wengi hupenda kuweka puli ndogo ili "liende mbio". Mkatalie. Puli ya sentimita 4 itakupa 14, na mikono ya mwanafunzi haiwezi kuukimbiza msokoto wa namna hiyo. Mwombe akutengenezee puli mbili, kubwa na ndogo, ile ndogo uiweke kabatini mpaka mwakani.

Yapo pia magurudumu madogo ya umeme. Yanafaa kwa mwenye maumivu ya goti.

Sehemu zake zinaitwaje kwa Kiswahili?

Maneno ya fundi cherehani na ya fundi baiskeli yanatosha. Chini kuna kanyagio, kama la cherehani ya miguu, na mkono unaopeleka nguvu ya kanyagio kwenye gurudumu kubwa. Kutoka kwenye gurudumu unatoka mkanda kwenda kwenye puli. Puli inazungusha panda, yaani kile kijiti chenye matawi mawili kama panda ya manati, kilichopigiliwa ndoano pembeni. Katikati ya panda ndipo inapokaa bobini. Mbele kuna tundu ambalo uzi hupitia. Juu ya bobini hupita uzi mwembamba unaokazwa kwa kigingi. Hiyo ndiyo breki. Na kwenye bobini kunafungwa uzi wa kuanzia, kama mita moja hivi, ambao sufu yako ya kwanza itaushika.

Neno cherehani lenyewe lina undugu na charkha, gurudumu la kusokotea pamba ambalo Mahatma Gandhi alilifanya alama ya kupigania uhuru wa India. Yote mawili yamezaliwa na neno la Kiajemi, charkh, maana yake gurudumu.

Sufu ya kondoo gani inafaa?

Kwa anayeanza: Corriedale. Kondoo huyu alizalishwa New Zealand karne ya 19 kwa kuchanganya Merino na Lincoln, na hapa Kenya amezoea nyanda za juu. Nywele zake ni ndefu kiasi, mara nyingi sentimita 8 hadi 12, si laini sana wala si ngumu, na zinatii vidole. Merino ni laini zaidi, lakini nywele zake ni nyembamba na fupi, zinateleza, na zikikosewa kidogo zinafanya vifundo. Mwache mpaka mkono uzoee. Hampshire Down anafugwa zaidi kwa nyama. Sufu yake ni fupi yenye kujaa kama sifongo, na inatoa uzi wa soksi usiochoka upesi.

Kondoo mwekundu wa Kimasai hafai, na Dorper pia hafai. Wanavaa nywele za kawaida, na sufu kidogo waliyo nayo hupukutika yenyewe. Nimeona watu wakinunua gunia zima kwa bei rahisi kisha wakalia. Na tafadhali usichanganye sufu na sufi. Sufi inatoka kwenye mti wa msufi, inajaza mito vizuri, ila inateleza na ni fupi mno kusokotwa peke yake.

Kondoo wa sufu hawakufika huku kwa urahisi. Mlowezi Mwingereza, Lord Delamere, alipoleta Merino Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, wengi walikufa kwa sababu malisho ya pale yalikosa madini waliyohitaji. Hata leo, kondoo asiyelambishwa chumvi ya madini hukupa sufu dhaifu, na udhaifu huo utauona kwa vidole, kama nitakavyoeleza.

Nitajuaje sufu nzuri kabla sijainunua?

Chomoa kishungi kimoja, unene wa penseli, kutoka begani mwa kondoo. Kishike ncha zote mbili, kisogeze karibu na sikio, kivute ghafla. Sufu yenye afya inalia kama uzi wa gitaa. Ikitoa sauti ya kukatikakatika, kondoo aliugua au alishinda njaa wakati fulani, na kila unywele una mahali pembamba pale siku za shida zilipopita. Sufu hiyo itakatika kwenye brashi na kukujazia uzi vijipunje. Usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Kisha tandaza ngozi nzima ya sufu, yaani sufu yote iliyokatwa kwa kondoo mmoja, juu ya turubai na uondoe kingo zote: tumbo, miguu, mkia, na shingo ikiwa imejaa majani ya zizini. Usione uchungu kutupa. Robo ya ngozi inaweza kwenda kwenye mboji, na mimea itafurahi. Angalia pia kama mkata sufu alipitisha mkasi mara mbili mahali pamoja. Utaona vipande vya nusu sentimita vimetapakaa. Vikung'ute vyote, maana havitoki tena baadaye.

Sufu chafu inaweza kuniletea ugonjwa?

Ndiyo, na hili nalisema kwa uzito. Usichukue kamwe sufu ya kondoo aliyekufa ghafla. Kimeta hukaa kwenye manyoya na ngozi, na mbegu zake huishi muda mrefu sana. Katika viwanda vya Bradford, Uingereza, karne ya 19, kimeta kiliua wachambuzi wa sufu wengi hata ugonjwa ukapewa jina la kazi yao. Chukua sufu kwa mfugaji unayemjua, kutoka kwa kondoo aliye hai na mwenye afya. Ichambulie nje penye upepo, funika pua na mdomo, funika kidonda chochote mkononi, na nawa kwa sabuni ukimaliza.

Naoshaje sufu bila kuigandisha?

Sufu yangu ya kwanza niliipoteza hapa. Niliitia kwenye karai, nikaisugua kama ninavyosugua blanketi, nikaisuuza kwa maji baridi ya bomba. Ikatoka pande moja gumu, na hakuna brashi iliyoweza kulifungua. Kilichotokea ni hiki: yale magamba ya nywele hufunguka kwenye maji ya moto, na yakisuguliwa au yakishtuliwa na baridi hufungana, hayaachani tena. Kwa hiyo maadui ni wawili, msuguano na mabadiliko ya ghafla ya joto. Moto peke yake si adui. Tena unauhitaji, kwa sababu sufu ina mafuta yake, na mafuta hayo hayatoki kwa maji ya uvuguvugu.

Mimi hufanya hivi. Nachukua gramu 300 tu kwa mara moja, naitia kwenye neti za vitunguu, bila kuishindilia. Kwenye beseni naweka maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuvumilia, nyuzi joto 60 hadi 65, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni inatangulia, sufu inafuata. Nalaza neti juu ya maji, naisukuma izame kwa mwiko, halafu naondoka. Sikorogi, siminyi, sigeuzi. Baada ya dakika 15 nainyanyua neti kabla maji hayajapoa, kwa sababu yakipoa mafuta yanaganda upya juu ya sufu, na mara ya pili hayatoki kirahisi. Maji yatakuwa ya rangi ya chai. Narudia kwa sabuni mara moja tena, au mbili kama ni Merino, kisha nasuuza mara mbili kwa maji yenye joto lile lile bila sabuni. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima yenye chumvi.

Mwisho nabonyeza neti kati ya mataulo na kutandaza sufu kwenye kichanja cha vyombo, kivulini penye upepo. Pima uzito kabla na baada. Kilo 1 ya sufu chafu ikikupa gramu 600 safi umepata vizuri. Mara nyingine, hasa kwa Merino, inabaki nusu. Ikiwa bado unahisi utelezi kidogo wa mafuta vidoleni, ni sawa, husaidia wakati wa kusokota. Ikiwa inanata, rudi kwenye beseni.

Kuchana ni lazima?

Lazima. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya kuchana peke yake.

Anza kwa kuchambua kwa mikono. Shika kishungi, kifungue ncha kwa ncha mpaka mwanga upite katikati yake, na uache mabua yadondoke. Jioni moja ya kuchambua na redio pembeni ni kazi nzuri ya watu watatu, na watoto wanaiweza kuliko watu wazima.

Kisha zinakuja brashi mbili za mbao zenye meno ya waya yaliyopinda. Ukikosa za kazi hiyo, brashi mbili za waya za kuchania mbwa zinasaidia. Brashi ya kushoto iweke juu ya goti, meno yatazame juu, uijaze sufu kidogo. Ukiona sufu inafunika meno kabisa, umezidisha. Ya kulia ipitishe juu yake kwa wepesi, kama unavyochana nywele za mtoto anayeumia kichwa. Anzia kwenye ncha, kisha ingia ndani taratibu. Meno yasigonge meno. Ukisikia sauti ya kukwaruza, punguza nguvu, maana unazikata nywele na kuziharibu brashi. Hamisha sufu yote kwenye brashi moja na urudie. Mara tatu hadi tano, mpaka iwe kama ukungu na usione kifundo hata kimoja ukiishika mbele ya dirisha.

Sasa iinue kwa ncha ya brashi, uikunje na kuiviringisha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, upate bomba laini lenye urefu wa kiganja na nusu. Hilo ndilo tunaloliita utambi, kwa kuwa linafanana na utambi wa taa. Tengeneza tambi 20 kabla hujakaa kwenye gurudumu. Ukichana utambi mmoja na kuusokota papo hapo, mwili haupati mwendo wa kazi yoyote kati ya hizo mbili.

Nimekaa kwenye gurudumu. Nianze vipi?

Bila sufu. Toa mkanda kama unaweza, na ukanyage tu. Kiti kiwe na kimo cha kukuacha magoti yakunjike sawa, mgongo umenyooka. Zungusha gurudumu kuelekea kulia, kama mishale ya saa, polepole kadiri uwezavyo bila lisimame wala lirudi nyuma. Kwenda polepole ndiko kugumu, na ndiko utakakokuhitaji. Soma gazeti huku unakanyaga. Siku utakaposoma ukurasa mzima na mguu haujakosea, mguu umejua.

Hatua ya pili, rudisha mkanda, chukua uzi wowote wa dukani, ufunge kwenye uzi wa kuanzia na uuache gurudumu liuvute. Utahisi mvuto wa bobini mikononi. Rekebisha breki mpaka mvuto uwe kama wa mtoto anayekuongoza kwa kidole, si kama wa mbuzi kwenye kamba.

Hatua ya tatu ni sufu. Lalisha ncha ya utambi juu ya uzi wa kuanzia, sentimita 10 hivi, shika makutano yao kwa vidole vya mkono wa kushoto na ukanyage. Msokoto utavishika vyote viwili. Mkono wa kushoto, ulio karibu na tundu, ndio mlinzi: unaubana uzi ili msokoto usiukimbilie utambi. Mkono wa kulia umeushika utambi kwa ulegevu, umbali unaozidi urefu wa unywele mmoja. Mkono wa kulia unarudi nyuma sentimita 4, na kati ya mikono miwili nywele zinajipanga katika pembetatu nyembamba. Kisha kidole cha kushoto kinateleza kufuata, na msokoto unaingia kwenye ile pembetatu na kuifunga. Bana, vuta, telezesha. Bana, vuta, telezesha.

Kwa nini sentimita 4? Kwa uwiano wa 8 kila kanyagio linakupa misokoto 8, na uzi wa sweta unataka kama misokoto 2 kwa kila sentimita. Hesabu hiyo ukishaihisi mkononi hutaifanya tena kichwani.

Utambi unakwama na hautoki. Nafanya nini?

Msokoto umeingia ndani ya utambi. Simamisha mguu. Usivute kwa nguvu. Zungusha uzi kwa vidole upande wa pili mpaka ufunguke, halafu endelea na mguu wa polepole zaidi. Na uangalie mkono wa kulia: asilimia kubwa ya wanafunzi wangu wanaukaba utambi kama anayeshika kuku asitoroke. Shika kama umeshika kifaranga.

Uzi unakatika kila mara.

Msokoto ni mdogo au breki imekazwa mno. Legeza breki kwanza. Kama bado, ongeza kanyagio moja kabla ya kuuachia uzi uingie. Kuunganisha, chambua ncha ya uzi uliokatika iwe kama mkia wa farasi, lalisha utambi juu yake, bana, kanyaga. Usifunge fundo, maana litaonekana kwenye sweta milele.

Uzi unajikunja vifundo kama mkia wa nguruwe, na bobini haivuti.

Hapo msokoto umezidi. Kaza breki kidogo, hakikisha uzi haujanasa kwenye ndoano, na angalia kama sufu imeziba tundu. Mkanda unaoteleza nao hufanya hivyo. Tone la mafuta ya cherehani kwenye vyuma vinavyozunguka, kila unapoanza kazi, linazuia nusu ya matatizo haya.

Kwa nini nisokote nyuzi mbili pamoja? Mmoja hautoshi?

Uzi mmoja una hamu ya kujifungua, na sweta iliyofumwa kwa uzi mmoja huenda upande. Mishono yake inalala. Ukichukua bobini mbili za uzi uliosokotwa kulia, ukazisokota pamoja kuelekea kushoto, misokoto miwili inapingana na kutulia. Uzi unakuwa wa duara, wenye nguvu, na makosa ya mmoja yanafichwa na mwenzake. Kamba ya usumba nayo inatengenezwa hivyo hivyo.

Acha bobini zilale usiku mmoja kwanza. Kasha la viatu lililotobolewa na vijiti viwili vya kufumia vikapita katikati ya bobini linatosha kuzishikilia. Nyuzi mbili zipitishe kati ya vidole tofauti ili zisigusane kabla ya wakati, na ukanyage kwa mwendo mmoja. Kupima, acha kipande kining'inie kama herufi U. Kikitulia bila kujipinda, umefanya sawa.

Uzi umekamilika ukitoka kwenye bobini?

Bado. Uzungushie kwenye egemeo la kiti upate shada, ulifunge mahali panne kwa uzi wa pamba bila kukaza, ulizamishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20. Likamue ndani ya taulo, ulipige mara chache ukingoni mwa meza, ulitundike kivulini. Usitundike kitu kizito chini yake. Uzito unaunyoosha kwa nguvu, na utarudi kwenye kimo chake siku ya kwanza sweta ikifuliwa. Watu wengi hawaamini ni uzi ule ule: uliingia majini mwembamba wenye ukali, umetoka umejaa.

Sweta moja inahitaji sufu kiasi gani?

Ya mtu mzima, gramu 500 hadi 800 za uzi. Ongeza upotevu wa kuosha na kuchana, na ngozi ya sufu ya kondoo mmoja wa Corriedale aliyelishwa vizuri inaweza kutosha. Lakini usianze na sweta. Kofia ya mtoto ni gramu 50, na utaiona imekwisha ndani ya mwezi.

Nitajuaje kama uzi wa dukani ni sufu kweli?

Choma kipande cha sentimita 5 juu ya sahani. Sufu inaungua kwa uvivu, inanuka nywele zilizoungua, na ukiitoa motoni inazimika. Jivu lake linasagika vidoleni. Akriliki inawaka upesi, inayeyuka, na inaacha punje ngumu nyeusi.

Naweza kuutia rangi za nyumbani?

Ndiyo, kwa shabu. Pima gramu 10 hadi 15 za shabu kwa kila gramu 100 za uzi, chemsha uzi nayo polepole saa moja, kisha uuhamishie kwenye supu ya maganda ya vitunguu vyekundu au vya njano. Utapata rangi kuanzia dhahabu hadi kahawia. Manjano ya jikoni inapendeza siku ya kwanza, lakini jua linaifuta. Sufuria ya rangi isirudi tena kwenye chakula.

Nondo wamekula sufu yangu.

Wanapenda giza, utulivu, na sufu yenye mafuta na uchafu. Osha kabla ya kuhifadhi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na kila baada ya miezi miwili itoe juani uikung'ute.

Itanichukua muda gani kujua, na naweza kuuza?

Ukikaa nusu saa kila siku, mwezi wa kwanza utapata uzi wa vipele na mapengo, wa pili uzi unaofumika, wa sita uzi ulioukusudia. Nusu saa kila siku ni bora kuliko Jumamosi nzima. Bega na nyonga vinachoka na mkono unajifunza makosa ya uchovu.

Kuuza inawezekana. Nanyuki Spinners and Weavers, kikundi cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 1977, bado kinasokota na kufuma sufu ya huko. Hapa Njoro, Kenana Knitters walianza mwaka 1998 na wanawake wa vijiji vya karibu wanasokota na kufuma wakipata kipato. Wasichoweza kuuza hata wao ni uzi usio na vipimo. Kwa hiyo kila shada unalomaliza lifunge kikaratasi: aina ya kondoo, uzito kwa gramu, urefu kwa mita, na mwezi ulioisokota. Urefu unaupata kwa kuhesabu mizunguko kwenye egemeo la kiti na kuzidisha kwa kimo cha mzunguko mmoja. Fanya hivyo tangu shada la kwanza, hata lile lenye vipele, na usilitupe. Weka kishungi cha sufu ile ile kando yake, ili mwaka ujao ukipewa sufu kutoka zizi lile lile ujue uliivuta vipi.